Babu zetu wa Nyanda za Juu Kusini waliokufa vita ya 1914–1918: tuandike majina kabla wanaoyajua hawajaisha

#1 Mkulima wa Ismani

Kamwene wakuu,

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Mwenye haraka aruke mpaka aya ya mwisho, ombi langu nimeliweka huko.

Mwaka jana mwezi wa sita nilishuka Iringa mjini, pikipiki imeunguza klachi. Fundi akaniambia rudi saa kumi. Nikazunguka weee mpaka miguu ikanipeleka kwenye yale makaburi ya vita ya Wazungu. Nimepita pale miaka ishirini na ushee, siku hiyo ndiyo niliingia. Mawe yamenyooka mistari kama mahindi ya mtu aliyepanda kwa kamba. Kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Nyasi zimefyekwa. Mtu kafa 1916 au 1917, mbali na mama yake kwa safari ya meli ya wiki kadhaa, na leo hii kuna anayelipwa kumng'olea magugu.

Sina kinyongo na marehemu. Ila nilisimama pale nikajiuliza: hawa walifikaje hapa? Reli ya Kati imepita mbali kule Dodoma na Kilosa, gari hazikuwepo za maana, na punda, farasi na ng'ombe wa mizigo walikuwa wanakufa kwa mbung'o kabla hawajamaliza mwezi. Kila risasi na kila kopo la nyama lilipanda huku juu ya kichwa cha mtu. Kijana akijeruhiwa, alibebwa kwa machela begani mwa watu. Sasa hao watu kaburi lao liko wapi?

Kwetu asili ni Lupembe, Njombe. Ismani nimefuata mahindi tu. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa vita hiyo ikiwa imepamba moto, na baba yake hakumjua. Alichosimuliwa na mama yake ndicho alichotusimulia sisi. Waingereza walipofika Lupembe mwaka 1916, jumbe aliambiwa atoe watu. Yule babu alijua ataitwa, kwa hiyo usiku alikaa akasuka ngata mbili kwa magome ya mgomba makavu. Asubuhi moja akaiweka kichwani, ya pili akaitundika ukutani juu ya kitanda, akasema hii ya safari ya pili. Walielekezwa bonde la Kilombero, kule kwenye joto na mbu, watu waliozoea baridi ya milimani.

Safari ya pili haikuwepo. Ile ngata ilikaa ukutani miaka. Bibi anasema akiwa mtoto aliwahi kuishusha akachotee maji, alichapwa siku hiyo mpaka akalala mchana. Baadaye wazee wakasema sasa basi, mke wa mtu hawezi kukaa nusu mjane. Wakachimba kaburi, wakalaza kigogo cha mgomba badala ya mwili, na juu yake wakaweka ile ngata. Wakafukia. Likaitwa kaburi la ngata.

Nimelikuta mwenyewe nikiwa darasa la tano. Leo pale ni chai, na hakuna anayeweza kukuonyesha ni mstari wa ngapi. Na mnajua kitu kinachoniuma? Bibi alitusimulia habari za ngata mara mia. Jina la baba yake la kuzaliwa hatukumuuliza. Tulikuwa tunasema "babu wa ngata". Bibi kafariki 1998.

Ombi langu: kila mwenye ndugu ambaye hakurudi, aandike hapa kijiji au kata, alikuwa upande gani (kwa Mjerumani, kwa Mwingereza, au mpagazi wa yeyote aliyemkamata), na nani aliyesimulia. Majina msiweke hadharani bila ruhusa ya wazee wa ukoo, nitumieni kwa ujumbe wa faragha. Nina daftari, baadaye tutajua la kufanya nalo.

Naomba kuwasilisha.

#2 Konda wa Igawa

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu hiyo ya ngata imenikata. Nilidhani uzi wa bei ya mahindi.

#3 Mzalendo Sitini na Moja

Mleta uzi nakuheshimu lakini hapa siko na wewe. Wale walikuwa wanapigana vita ya wakoloni wawili wanaogombea shamba, na shamba ni sisi. Mashujaa tunao. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Songea kuna kaburi la mashujaa wa Maji Maji walionyongwa Februari 1906, na kila mwaka wanakumbukwa. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Sasa unataka tuongeze na watumishi wa Kaiza na King George? Hata Sanamu ya Askari pale Dar wameisimamisha Waingereza, 1927, kujisifu wenyewe.

#4 Mwalimu Mstaafu, Rungwe

Nd. Mzalendo, pole pole. Unachanganya askari na mpagazi.

Askari wa Mjerumani alikuwa mtu wa mshahara, ana bunduki, ana mke na mtumishi wanaomfuata nyuma. Wengi walijiandikisha. Mpagazi hakuulizwa. Vita ilipita kwetu hivi: Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey ya Mwingereza yakavuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (leo Malawi na Zambia), yakaichukua Neu Langenburg, ndiyo hii Tukuyu yetu. Julai 24 wakapigana Malangali, pale ambapo wengi wenu mnapajua kwa shule. Agosti 29 wakaingia Iringa. Ukiangalia tarehe hizo kwenye ramani, kila kilomita mbele inahitaji watu wengine nyuma. Mizigo ilitoka Ziwa Nyasa, bandari ya Mwaya, ikapanda milima kwa vichwa. Mzigo mmoja ni ratili 60, kama kilo 27, bila kuhesabu blanketi lake na chakula chake.

Na hesabu ya upagazi ni mbaya kuliko mnavyodhani. Mpagazi naye anakula. Akitembea wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi, sehemu kubwa ya anachobeba inaishia tumboni mwake na mwa wenzake. Kwa hiyo ili gunia moja lifike mstari wa mbele, unakamata watu zaidi wa kuwabebea chakula wanaobeba chakula. Ndiyo maana idadi ilifika ilipofika: Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Waliokufa kwa takwimu zao wenyewe wanakaribia 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Walipewa unga wa mahindi ambao wengine hawakuuzoea, na kuni za mvua hazikutosha kuuivisha.

Upande wa Wajerumani hata daftari hakuna. Walipokosa watu waliwafunga kamba shingoni wakaenda nao.

Kwa hiyo usiniambie walichagua. Ungekuwepo ungebeba. Na mimi ningebeba.

#5 Mzalendo Sitini na Moja

Sawa mwalimu, hapo kwa wapagazi nimekuelewa. Ila wa bunduki bado nasema hapana.

#6 Binti Usangu

Mimi nataka kuongezea upande ambao wanaume mnaupita mbio.

Kwetu ukisema "askari" mbele ya wazee wa kike, sura zinabadilika. Bibi yangu alikuwa anasimulia kwamba waliopita walipita mara tatu au nne, na kila waliopita walikula. Oktoba na Novemba 1916 Wajerumani waliokuwa wanatoka Tabora na Jenerali Wahle walipita Iringa kuwatafuta wenzao wa Mahenge. Wengine hawakufika, kikosi kimoja kilizungukwa Ilembula kikasalimu amri. Hao wote walikuwa na njaa. Mwaka uliofuata wakaja wengine. Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, akarudi kutoka Msumbiji akapita Ubena tena. Kila mara mbuzi, kila mara kihenge kinafunguliwa hadi mbegu. Wasichana walikuwa wanalala korongoni.

Bibi alikuwa na maneno yake: Mjerumani anachukua kwa kiboko, Mwingereza anachukua kwa karatasi. Karatasi ilikuwa hati ya kulipwa baadaye. Mama yake aliifungia kwenye kijaluba, panya wakaila.

Kwa hiyo mkijenga jiwe lenu la mashujaa, kumbukeni kuna watu walikufa kwa njaa nyumbani kwa sababu ya hao hao mnaowatafuta. Kwa jirani zetu Wagogo njaa ya mwishoni mwa vita ina jina, Mutunya. Kisha mwishoni mwa 1918 ikaja ile homa iliyozunguka dunia nzima. Nani anaandika majina ya hao?

Sikatai uzi. Nasema tu nisije nikaona sanamu ya mtu ameshika bunduki.

#7 Mkulima wa Ismani

Binti Usangu, hapo umenigusa na sina jibu la haraka. Daftari langu lilikuwa na safu nne, kijiji, upande, kazi, msimulizi. Nimechora ya tano usiku huu: waliofia nyumbani. Kama una wako, tuma.

Sanamu ya bunduki siitaki hata mimi. Babu wa ngata hakuwahi kushika bunduki.

#8 Mjukuu wa Keya

Naomba nichepushe kidogo kwenda vita ya pili, maana kwetu Mbozi ndiyo iliyotukuta.

Tanganyika ilitoa wanaume wapatao 87,000 vita ya 1939–1945. Babu yangu na mdogo wake waliingia Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika) pamoja. Waliosoma historia wanajua batalioni ya 6 ndiyo ilikuwa ya Tanganyika, baadaye zikaongezwa ya 26 na ya 36. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Bama (leo Myanmar) mwaka 1944, ikateremka bonde la Kabaw kwenye masika yao, ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Babu alikuwa anasema matope ya kule ukiingia na buti unatoka na mguu. Mdogo wake hakutoka.

Babu alirudi na nyota ya shaba, ncha sita, na utepe wenye nyekundu katikati na buluu nzito pembeni. Tumeigeuza na kuigeuza kutafuta jina lake. Nyuma ni laini. Baadaye nikaja kujua kwamba medali zile za vita ya pili Waingereza walizitoa bila kuchonga majina, hata kwa watu wao wenyewe. Angalau hapo tulikuwa sawa, haha.

Lakini sikilizeni hii. Miaka miwili iliyopita binamu yangu aliingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola akaandika jina la ukoo. Hakuna. Akajaribu kwa kukosea makusudi, akaondoa "Mw" mwanzoni, akabadilisha "l" kuwa "r". Akatokea! Yumo kwenye mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon, Myanmar, ulioandikwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Karani wa Keya aliandika alivyosikia. Miaka sabini na kitu ukoo mzima unasema "alipotea", kumbe ana jina lake ukutani, limekosewa herufi mbili.

Baba mkubwa alipoambiwa alinyamaza kama dakika tano hivi. Halafu akauliza, kule wanatambika na nini?

#9 Konda wa Igawa

"Kule wanatambika na nini" 😂 nimecheka halafu nikajisikia vibaya.

#10 Mwalimu Mstaafu, Rungwe

Mjukuu wa Keya, umetoa somo kubwa kwa bahati. Hiyo tofauti kati ya babu yako mdogo na babu wa ngata siyo bahati mbaya, ilikuwa uamuzi.

Vita ya pili wengi waliandikwa. Vita ya kwanza, hiyo Tume ilipoanza kazi ilikuwa na kanuni moja nzuri sana kwenye karatasi: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala kabila. Ilipofika Afrika Mashariki kanuni ikaishia bandarini. Wakubwa wa enzi hizo waliona wapagazi na askari weusi watoshwe na sanamu ya jumla. Makaburi ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingine yakaachwa makusudi yarudi kuwa pori. Ndipo zikatokea sanamu tatu: Dar, Nairobi na Mombasa. Zile za maandishi kwamba wapagazi walikuwa mikono na miguu ya jeshi, na kwamba ukifa ukiipigania nchi yako watoto wako watakumbuka jina lako. Maneno ni ya Rudyard Kipling. Tafuteni jina hata moja pale chini. Hakuna.

Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Wanakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na sehemu kubwa ni Waafrika Mashariki na Wamisri. Januari 2025 walizindua ukumbusho Cape Town kwa wapagazi na vibarua weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700. Ni nguzo za mbao ngumu ya Kiafrika, kila moja na jina la mtu mmoja. Wa kule walikuwa na bahati, orodha zilibaki kwenye kabati.

Zetu nani anazo?

#11 Mzalendo Sitini na Moja

Kwa hiyo tunasubiri radhi na mbao kutoka London. Mnaona sasa. Hao hao walioandika kwenye Mkataba wa Versailles 1919, kifungu cha 246, kwamba Mjerumani arudishe fuvu la Mkwawa. Fuvu moja lilipata kifungu kizima cha mkataba wa dunia, na likarudi 1954, miaka 35 baadaye. Sasa hao maelfu mnadhani watapata nini?

#12 Mkulima wa Ismani

Mkuu Mzalendo, safari hii tuko upande mmoja na hujajua. Mimi sisubiri mtu. Ndiyo maana nimeanza na daftari la shilingi elfu mbili.

Niwape mfano wa karibu. Kidugala na Ifunda vita ya pili kulikuwa na kambi za wakimbizi wa Kipolandi, kina mama na watoto wengi, walioletwa huku kuanzia 1942. Waliofia hapa wana makaburi yao mpaka leo. Mtu wa Njombe anaweza kukuonyesha kaburi la mtoto wa Kipolandi, lakini hawezi kukuonyesha la babu yake aliyezikwa kilomita mia kutoka nyumbani. Wapolandi hawakutuzuia kuandika ya kwetu. Waliandika ya kwao, basi.

Nilikwenda ofisi moja hapa mkoani kuulizia kumbukumbu za zamani. Yule dada alikuwa mpole kweli, akaniuliza barua ya utambulisho, nikasema nimetumwa na bibi yangu. Akacheka. Nikarudi na barua ya kata, nikaambiwa mhusika yuko semina. Mara ya tatu sikwenda, palizi ilikuwa imefika.

#13 Mwana wa Tunduma

Wakuu mimi niko mpakani. Watu wa huku tuna kisa chetu kwamba vita ilikwisha Ulaya huku inaendelea. Na ni kweli. Von Lettow-Vorbeck alitoka Ubena, ambako alimwacha Jenerali Wahle mgonjwa, akapita hapa jirani Fife, upande wa Nakonde, mwanzoni mwa Novemba 1918, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Habari za amani zilimkuta mto Chambeshi siku mbili tatu baada ya Novemba 11. Akasalimu amri Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Alikuwa amebaki na askari 1,168 na wapagazi wapatao 1,500.

Nilichotaka kusema: hao 1,500 walirudije makwao? Kwa miguu, na ndiyo wiki zile zile homa inapita. Kwetu kuna mzee alikuwa akisema njia ya kutoka Mbala mwaka ule ilijulikana kwa tai. Mtu ametembea miaka, vita imeisha, anafia kambi ya mwisho kabla ya nyumbani. Huyo unamwandika safu ipi, mkuu?

#14 Mkulima wa Ismani

Safu ya waliofia vitani. Sitajadiliana na mtu.

#15 Mwalimu Mstaafu, Rungwe

Na mimi naunga mkono.

Sasa nataka kumsaidia mleta uzi kwa kazi, maana naona daftari lake litajaa hadithi na halitajaa watu. Nimefanya kazi hii kidogo miaka ya themanini na wanafunzi wangu, tukakosea, tukajifunza.

Usimuulize mzee "nani wa ukoo wako alikufa vita ya kwanza". Atakuambia hakuna. Kwanza hajui kama ni ya kwanza au ya ngapi. Pili, neno vita kwake ni kupigana, na mtu wao hakupigana, alibeba. Muulize "nani alichukuliwa Wajerumani walipokimbia?" Ukanda wetu wa mpakani muulize nani alikwenda utengatenga, yaani upagazi wa Waingereza wa Nyasaland.

Kisha muulize habari za wake. Nani alirithiwa mke bila msiba kueleweka? Watoto gani walilelewa na baba mdogo? Nani alipewa shamba na mjomba wakati kwa mila zetu shamba linatoka kwa baba? Wanaume wamesahau majina, lakini ukoo haujasahau nani alirithi nini, hasa kama kuna shamba lenye mgogoro. Kumbukumbu nyingi tulizopata zilitoka kwenye ugomvi wa mipaka.

La tatu ni makanisa. Wamoravian walikuwa Rungwe na Utengule, Waberlini (wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin) wakawa Kidugala na Njombe. Wamisionari wengi wa Kijerumani walichukuliwa na Waingereza kuanzia 1916, na walimu wetu wa Kiafrika ndio waliobaki wakaendesha sharika na kutunza vitabu. Penye kitabu cha ubatizo cha zamani kilichosalimika na mchwa, angalia mtoto aliyebatizwa na mama peke yake. Kule kwangu niliona ukurasa mmoja, safu ya baba imeandikwa kwa penseli: "kachukuliwa". Neno hilo moja. Halafu mstari unaofuata, tena: "kachukuliwa". Na wa chini yake alama mbili za kurudia, kama karani anayeorodhesha mbuzi. Nilihesabu kumi na moja nikafunga kitabu, mchungaji alikuwa ananisubiri na funguo.

Sikunakili majina. Nilidhani nitarudi.

#16 Binti Usangu

Mwalimu, shikamoo. Kitabu hicho bado kipo?

#17 Mwalimu Mstaafu, Rungwe

Marahaba binti. Kanisa lilijengwa upya, vitu vikahamishwa. Nimempigia mchungaji wa sasa leo asubuhi, ni kijana, anasema kuna sanduku la bati chini ya madhabahu ya zamani hajawahi kulifungua. Nimemwomba anisubiri. Miguu yangu siyo ile, lakini Jumamosi kuna mjukuu mwenye gari.

#18 Mjukuu wa Keya

Mwalimu ukipiga picha kurasa hakikisha simu ina chaji, na piga mchana karibu na dirisha, usitumie tochi, penseli inapotea. Nimejifunza hilo kwa barua za babu.

Mkulima, nakutumia ya kwangu faragha. Ni wawili: yule wa Bama, na kaka wa babu mkuu aliyebeba mizigo 1917. Huyu wa pili tuna jina la utani tu, lakini shangazi anasema jina la ubatizo analo mtu mmoja Vwawa. Nitamfuata.

#19 Mzalendo Sitini na Moja

Nimekaa na huu uzi siku tatu. Jana nikampigia baba yangu Mufindi kumuuliza kwa ile namna ya mwalimu, nani alichukuliwa. Akasema, "Si yule mwenye lile shamba la bondeni tunalogombania na kina baba yako mdogo." Nina miaka 52. Shamba hilo nimelisikia tangu nazaliwa, mwenyewe sikuwahi kuuliza alikwenda wapi.

Alikuwa askari wa Mjerumani, wakuu. Mwenye bunduki.

Sijui niseme nini. Binti Usangu, pengine ndiye aliyekula mbuzi za kwenu.

#20 Binti Usangu

Kaka, pengine. Malangali na Usangu si mbali.

Mwandike. Weka na ya mbuzi pembeni, kwa sababu nami nina wangu wawili wa safu ya tano na nataka wakae daftari moja. Wote walikuwa watoto, mmoja hakuwa amepewa jina.

#21 Mkulima wa Ismani

Nimewaandika.

Mpaka usiku huu daftari lina watu 23: Njombe, Makete, Mufindi, Mbozi, Rungwe na Usangu. Wenye majina kamili ni tisa. Nimeanza kwa kalamu ya wino, nimerudia yote kwa penseli, maana kila siku mtu anapiga simu kusahihisha. Wa kwangu bado ni "babu wa ngata". Kuna mama mmoja Lupembe, mtoto wa mdogo wake bibi kwa mama mwingine, ana miaka tisini na kidogo, sijawahi kumfikia kwa ajili ya barabara. Mvua zikipungua naenda.

Kwa wanaouliza jiwe litakaa wapi: bado. Jiwe tupu tunalo tayari Dar.

#22 Konda wa Igawa

Wakuu mimi nilikuja na karanga tu. Ila basi langu linapita njia hiyo mara tatu kwa wiki, nikashuka Makambako kwa mama jana nikamuuliza kwa mtindo wa mwalimu. Kwanza akaniuliza nina mgogoro gani wa shamba. Nilipomwelewesha akakaa chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha akahamia wa pili.

Mkulima, siwezi kuandika yote hapa na mimi mwandiko wangu unaujua. Anasema uje mwenyewe na hilo daftari, siyo Jumatano, Jumatano yuko mnadani. Na uje na sukari kilo mbili. Nyeupe.